Saba na Nusu

Saa tisa usiku, Tampere. Theluji dirishani.
Aulikki ameumaliza mchezo, saa arobaini na moja,
vidole vimekufa ganzi,
kahawa ya jana imeganda kikombeni.

Picha: tisa. Sauti: nane.
Kwenye daraja la tatu farasi anazama sakafuni;
hilo ameliandika bila huruma.

Lakini kule msituni, alipoiweka rimoti kando
ampigie mama yake hospitalini,
mbweha alikuja, akajilaza
miguuni pa shujaa asiyetembea,
akangoja.
Hakuna aliyemtuma. Au yupo:
kibarua fulani wa kompyuta
aliyeliwaza hilo usiku kama huu.

Kisanduku cha alama ki wazi, kinapepesa.
Anaandika saba. Anafuta.
Anaandika saba.

Kisha nusu,
ya mbweha.