Safu ya Mishale

Mtande ni uzi wa jarife kuukuu
kwenye fremu ya mvinje aliyoigonga Shaame, ikapinda.
Ndiyo maana mazulia yangu yote yana bega moja juu.
Watu wa Wete washazoea.

Mshindio ni chochote:
vipande vya fundi Kombo wa Limbani, sare za skuli,
kanzu iliyoungua pasi kifuani.
Kata kidogo kwa mkasi, kisha rarua.
Kitambaa kinaijua njia yake.

Mistari iliyonyooka hata mtoto ataifuma.
Pambo ni hili: shika matambara mawili,
jeusi na jekundu, usokote kulia safu nzima.
Safu ya pili sokota kushoto.
Ukizishindilia, zinakutana kwa ncha
na mishale inaanza kutembea
bila ya mtu kuichora.

Wekundu huu lakini.

Siku ya saba ya harusi yangu, Kidawa,
aliyenitangulia kwa Shaame,
aliniletea kanga, imekunjwa, inanukia udi.
Nikaikunjua mbele ya watu.
NILICHOTUPA UMEOKOTA.
Mawifi wakatazama dari.
Nikaikunja tena kwa mikunjo yake ile ile.

Miaka kumi na minne ilikaa chini ya sanduku.
Sikuivaa, sikuitoa sadaka.
Mwezi huu wekundu ukaniishia katikati ya zulia.

Nikairarua kwa mapana.
Jina likatoka silabi silabi:
NI. LI. CHO.
Cha mwisho kina TA peke yake,
kama mtoto anayejifunza kusoma.
Nikazisokota na nyeusi, kulia, kushoto,
herufi zikawa sisimizi waliobeba makombo.

Jana akaja kununua. Yeye mwenyewe,
mjukuu kiunoni, goti moja linamuuma.
Shaame alituacha sote wawili,
yeye kwa talaka, mimi kwa kaburi,
hatuna tena cha kugombania ila bei.

Akalipapasa zulia. Kidole kikapita bega lililopinda,
kikafika kwenye mishale, kikasimama.
"Wekundu huu si wa dukani."
"Si wa dukani."
"Umeupata wapi?"
Mjukuu alikuwa anavuta pindo. Nikamwacha avute.
"Niliokota."

Akahesabu noti, polepole, akazihesabu tena.
Hakuomba nimpunguzie.
Mlangoni ndipo akageuka, zulia kwapani:
"Likifuliwa, rangi haitoki?"

Mpaka leo, nikamwambia, haijatoka.