Kiti cha Mgeni wa Chumba Mia Mbili na Kumi

Mgeni wa chumba mia mbili na kumi
aliamka na tumbo la kuendesha.
Kiti kimelipiwa, pesa hazirudi,
gari linanguruma langoni, saa kumi na nusu alfajiri,
na Bi Rukia wa mapokezi akanitazama mimi
niliyewahi Shanzu kuloweka mashuka.
"Mwanaidi, panda. Nguo hazina miguu."

Miaka kumi na tisa naifua Tsavo.
Mkono wangu umeijua kabla ya jicho:
vumbi lake jekundu kwenye kola, kwenye kwapa,
halitaki maji moto, maji moto hulipikia ndani ya uzi;
lataka maji baridi, siki kidogo, na subira.
Najua yatokayo mifukoni:
mwiba wa mgunga, tikiti iliyolowa,
mara moja unyoya wa kanga
ambao hata leo nimeuchomeka kwenye kioo cha kabati.
Nikiulizwa mbugani kukoje, hujibu: kunachafua.

Sasa mimi huyo, kandambili miguuni,
leso ya kazi, nyuma ya kofia mbili za Kitaliano.
Mazeras. Mariakani. Maji ya Chumvi.
Malori ya bandarini yamefuatana kama siafu.
Taru ikanikuta macho,
maana nani alale kwenye kiti cha bei ile?

Langoni Voi, Mwakio, kiongozi wetu,
akainua paa la gari kama mfuniko wa sufuria.
Akaeleza kwa Kitaliano, wakaitikia,
kisha akanigeukia: "Na wewe mama, nikwambieje?"
"Niambie unavyomwambia mamako."
Akacheka, halafu hakucheka.
"Mama hajawahi kuingia humu. Yuko hapo Maungu.
Ndovu ndio humwendea yeye,
usiku, penye mahindi, bila tikiti."

Swala twiga alisimama kwa miguu miwili
akilivuta tawi
nami nikamjua: hivyo ndivyo nifikiavyo kamba ya juu.
Pundamilia niliwaonea wivu.
Weupe ule, katika vumbi lile,
nani awafulia?

Simba alikuwa sikio.
Dakika arobaini tuliling'ang'ania kichaka kimoja,
likatokea, likafukuza nzi, likazama.
Wale wawili walilipiga picha
hata nikalionea haya, sikio la watu.

Ndipo ndovu wakavuka njia bila kutuuliza.
Wekundu.
Si wale wa kijivu wa vitabu vya wanangu;
wekundu wangu, wa beseni langu, naujua.
Mmoja, jike, akauzoa mchanga kwa mkonga
akajimwagia mgongoni
taratibu, kwa raha zake,
kama mtu ajipakaye poda baada ya kuoga,
na mtoto chini ya tumbo lake
kafumba macho, naye apate.
"Humkinga na jua," Mwakio akasema, "na kupe."
Nikashika ukingo wa paa kwa mikono miwili,
mikono hii iliyochubuliwa na sabuni.
Miaka kumi na tisa, Mola wangu,
napigana na kitu
ambacho mwenzangu hujipamba nacho.

Usiku, nyumbani Mtopanga,
nilijipekua mifuko kama nipekuavyo ya wageni.
Hamna kitu. Punje za mchanga, basi.
Leso nikaitia kwenye maji baridi,
yakageuka yale yale niyamwagayo kila siku,
nami nikakaa nayo pale uani, beseni mapajani,
mpaka mume wangu akauliza kuna nini.
Nikamwambia hamna, nangoja siki.

Asubuhi likaletwa shati la mia mbili na kumi:
kaki, jipya, lebo yaning'inia kwenye mkono,
halina hata doa moja.
Nililipiga pasi kwa huruma.