Eda ya Uani

Wiki ya pili baada ya kumzika Shekue
bata akajitia uvunguni mwa cherehani,
akachimba magunia ya pumba kwa kidari,
hakubisha hodi.
Miye natawa, naye kaja kutawa.

Dume lilishamaliza lake ndani ya karai la kufulia,
kwa fujo, povu hadi mlangoni kwa Bi Mgeni;
sasa linazurura Ngamiani nzima
likifyonya wapita njia.

Kila alfajiri yai.
Kila yai analifukia kama mtu na kibindo chake.
La kumi na tatu lilipotimu
akajinyonyoa kifua, unyoya kwa unyoya,
akatandika.

Hutoka mara moja, jua likipinda:
anywe, ale mbiombio, anye tope la siku nzima
(Bi Mgeni huziba pua),
arudi kalowa tumbo, ayape mayai ubichi,
ayageuze kwa mdomo, moja moja,
kama mpishi wa vitumbua.
Thelathini na tano zake.
Mia na thelathini zangu.

Usiku wa kumi nikayamulika kwa tochi ya simu.
Mishipa myekundu, imetawanyika
kama mto Zigi kwenye ramani ya darasani.
Mawili hayakuwa na kitu. Mwanga ulipita tu.
Nikayatoa polepole, sikumwambia mtu;
nilishapita huko, mara mbili,
Shekue akanishika mkono, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya thelathini na nne nikalaza sikio:
ndani kuna mtu anagonga.
Nikataka kumsaidia, nibandue ganda kwa ukucha,
mama mtu akanidona hadi damu.
Basi nikangoja.

Wakatoka kumi, wamelowa, wabaya, shingo kama tambi;
wa kumi na moja alilala mlangoni mwa ganda.
Kufika laasiri walishakuwa manjano.
Wanasema mtoto wa bata hafundishwi maji,
lakini miye niliwawekea ya kisahani, na kokoto ndani,
na mchicha nikaukata mdogo mdogo, kama wa mgonjwa.

Leo mvua imejaza mtaro. Chande kaacha lango wazi.
Mama katoka bila kugeuka,
kumi nyuma yake, mstari umepinda,
wa mwisho kajikwaa kwenye ganda la nazi.
Nimesimama kizingitini, vidole vya miguu kwenye saruji,
zimenibakia hamsini na nane.
Kunguru yupo juu ya waya wa umeme.
“Chande,” naita, “hebu niangalizie wangu.”