Kutembea Tu

Kapend ameandika toka Liège:
Jumapili alipanda treni saa mbili,
akaenda kutazama bahari, akala viazi vya kukaanga,
jioni akarudi. Ndiyo hiyo safari nzima.
Mama akauliza: nani alikufa huko?

Kwetu Katuba mtu hafungi kamba za viatu bila sababu:
kilio, mahari, gunia la unga.

Basi Jumamosi nikatoa baiskeli ya baba,
nyuma hakuna kitu,
nikashika barabara ya Kipushi.
Wanaume wa makala walikuwa wanakuja mjini,
magunia manne manne, wakisukuma kwa mabega.
Mmoja akatazama kiti changu kitupu
kama anavyotazamwa mtu aliyetoka bila viatu.
— Dada, umeibiwa?
— Hapana. Natembea tu.
Akacheka mpaka gunia likayumba.

Kilomita ya kumi na nane, tairi likakata roho.
Nikaendelea kwa miguu, nikiikokota
kando ya reli. Nyasi zimelala katikati ya vyuma,
vichuguu vimeipita nyumba yetu kwa urefu.
Nikaokota masuku, nikala, nikatema mbegu
kwenye mataruma, moja kila hatua,
mpaka hesabu ikanipotea.

Kipushi sikufika.

Usiku Mama alikuwa mlangoni.
— Umeleta nini?
Nikamwonyesha vidole, vinanata masuku.
Akavinusa. Akakaa kimya.
Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu kisichomhusu,
iwapo baiskeli ile hubeba watu wawili.