Gurudumu la Pakwach

Waliuliza mji mzima: nani ana chuma kizito?
Mimi nilikuwa nacho, nyuma ya karakana:
gurudumu la treni, lililobaki reli ilipolala,
mama akifungia mbuzi.
Acirocan akaligusa kwa ncha ya kiatu.
"Kilo mia tatu," akasema. "Linatosha kumshika Nile shati."

Nikalichomea pete. Nikachomea na ya pili
kwa kuwa ya kwanza sikuiamini.
Mnyororo, kamba, boya la rangi ya chungwa,
na katikati ya kamba, chombo chenye macho manne.
"Si macho. Ni vinywa," akanisahihisha,
"na vinywa hivyo hivyo ndivyo masikio."

Wathum alishika kasia, sisi wengine tukashika pumzi.
Gurudumu likazama bila kuaga,
lile lililozoea kwenda
likaambiwa: kaa.

Siku arobaini na moja.
Kila dakika kumi mlio tusiousikia,
kisha kimya, kisha mwangwi.
Visiwa vya mafunjo vikapita na ndege zao juu,
viboko vikapita, mazishi mawili yakapita darajani.
Mimi nikachomelea milango ya watu.

Kilirudi na ndevu za kijani na konokono shingoni.
Kwenye kompyuta, mstari ulipanda, ukapanda,
na usiku wa mafuriko makubwa
ukakatika.
"Mbona hapa pako wazi?"
"Mkondo uliilaza kamba. Chombo kikainama mno,
kikasikiliza pembeni, kikakosa maneno."
Yaani mto ulipokuwa na neno zito
ndipo shahidi alipolala chali.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Mwaka mmoja nilikuwa mmoja wao.

Nikauliza, maji yanalia vipi huko chini?
"Maji hayajibu," akasema. "Yako wazi mno.
Kinachorudisha sauti ni tope.
Tunapima tope, tunasema tumepima mto."
Tope la wapi?
Akaelekeza kidevu magharibi, kwenye vilima,
Nebbi, Paidha, huko kwetu
ambako Aprili shamba la shangazi liliteremka usiku
na migomba yake imesimama wima kama abiria.

Nikaisoma tena namba ile:
mita moja na nusu kwa sekunde.
Ndiyo kasi ya kahawa ya shangazi
ikielekea Nimule bila kugongwa muhuri.

Kamba wameichukua. Gurudumu wameliacha;
halivutiki, wamesema, limeshakuwa la mto.
Mama anauliza kila Jumapili nitalirudisha lini.
Mbuzi namfungia mlangoni pa karakana.
Anavuta kuelekea majani, kamba inakaza,
mlango unainama,
nami, mkono ukiwa na mashine, nahesabu digrii.