Mshenga wa Vitabu

Jumapili, theluji ya Ushtobe bado imegoma kuyeyuka,
nimeviteremsha vitabu vyangu vyote sakafuni
na kanda za baba pembeni,
nikajifanya mshenga:
kila kitabu nikitafutie muziki wa kukaa nao.

Riwaya nene ya Kirusi, ya kurasa mia tisa,
ambamo kila mtu hufa polepole na kwa heshima,
nimeiozesha kwa akodioni ya baba.
Ilikuwa na kitufe kimoja bubu;
kila alipokifikia, baba alijaza sauti ile kwa mdomo,
"aa," kisha vidole vikaendelea na safari.
Riwaya nayo haina ukurasa wa mia nne na kumi.
Wataelewana.

Mashairi ya Kikazaki aliyonipa jirani yangu Sabit
(nayasoma kidole kikitangulia, midomo ikifuata)
yamechukua dombra, binamu wa gambusi, nyuzi mbili tu
na farasi anayekimbia usimwone.
Sabit aliipiga ameegemea friji yetu,
friji ikaunguruma kwa chini, tukaiacha.

Hadithi ya upelelezi niliyoazima, sijairudisha,
nikaitupia disko lolote. Ilifaa. Wezi hupenda disko.

Likabaki daftari la bibi.

Bibi yangu, Zinaida Khegai. Jalada la kijani,
mafuta yamepenya hadi ukurasa wa mwisho.
Herufi za Kikorea, viduara na vijiti,
ambazo sikufundishwa kwa sababu mama alipiga hesabu
akaona Kirusi kitanitosha kazini.
Nazijua kama ninavyozijua sura za abiria wa stesheni:
naziona kila siku, sijui ziendako.

Nikaliwekea kanda kutoka Seoul,
filimbi ya mwanzi, sauti iliyofuliwa ikapigwa pasi.
Daftari halikuitika.
Kanda ile ni zawadi ya Bi Gyeong-ok,
aliyekuja kiangazi kututafiti.
Alilishika daftari kwa mikono miwili, akasoma,
akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Neno hili," akasema, "kwetu lilishakufa."

Nililitumia asubuhi ile ile, kuomba chumvi.
Maiti gani huyo, akiitwa mezani anakuja na chumvi?

Wako wasemao mwacha asili ni mtumwa.
Bibi hakuiacha. Alikatiwa tikiti bila kuulizwa,
yeye na behewa zima, mwaka wa thelathini na saba,
wakashushwa nyikani injini ilipochoka.
Kabichi ya kwao haikuwepo.
Akatwaa karoti. Kitunguu saumu, siki, pilipili, giligilani,
halafu mafuta yakiwa yanatoa moshi: chwaa!
Leo soko zima linaiita saladi ya Kikorea,
wauzaji wanaijenga kama vichuguu vya rangi ya jua.
Bi Gyeong-ok aliionja, akaipenda,
akauliza kwa adabu chakula hiki cha Kirusi kinaitwaje.

Sikumjibu. Nilimwongezea.

Basi leo nimejaribu kwaya, nimejaribu fidla,
nimejaribu hata kimya, nacho kilikuwa cha kujifanya.
Nikazima redio kaseti.
Ndipo nikasikia jikoni, huenda kwa muda mrefu tu:
kwaru, kwaru, kwaru,
binti yangu Milana anakuna karoti,
anapunguza mwendo kidole kikikaribia meno ya kikunio,
anaanza upya,
haendi sawa na mapigo yoyote niliyowahi kufunzwa shuleni.
Nikalifungua daftari magotini
kama mtu anayefuatisha nota.

"Mama, giligilani kiasi gani?"

Nikautazama ukurasa. Kiduara, kijiti, kijiti,
doa lenye umbo la sikio.
Nikauinamia, nikaunusa.

"Ongeza kidogo," nikasema.