Feruzi ya Kijani

Ludmila aliileta ndani ya soksi ya mtoto,
pete ya bibi yake. Olomouc, Februari, theluji kizingitini.
Almasi sita, ndogo kama punje za chumvi,
zimeizunguka feruzi iliyosahau samawati yake.

"Nikubadilishie jiwe," nikamwambia. "Ninalo la Nishapuri, buluu tupu."

Akacheka. "Kijani hicho ni sabuni,
ni mafuta ya bata, ni miaka hamsini
ya kukanda unga bila kuivua."

Nikaisogeza kwenye taa.
Almasi zilimeta kama siku ya kwanza dukani:
hazijawahi kumjua mtu.

Nikakaza ukucha mmoja uliolegea,
nikaisugua dhahabu peke yake,
nikilizunguka jiwe
kama afagiaye karibu na aliyelala.